Mita Arobaini za Eustache

Siku hiyo kulungu alikuwa meza ya kupigia pasi. Winfred Mwende aliifungua katikati ya maegesho, nyuma ya jengo la Goretti huko Flemingdon Park, akaipima kwa utepe, akakuta sentimita tisini. Akaweka juu yake pakiti ya unga wa ugali iliyolazwa ubavu ili ifikie kimo cha mgongo wa mnyama. Goretti alikuwa amesimama kando na kigoda cha plastiki mkononi, uso umemvimba kwa hasira.

"Mume wangu yuko ndani siku kumi na mbili," alisema, "na wewe unacheza na unga."

"Weka kigoda hapo nyuma ya meza, Mama Mélissa. Kaa. Wewe ndiye Télesphore."

"Mimi siyo maiti."

"Hata yeye hakuwa maiti alipokaa. Kaa."

Goretti alikaa, huku akisonya. Alikuwa na haki ya kusonya. Mumewe Eustache na wanaume wawili wa zamu yake katika ghala moja kule Malton, Télesphore na Festus, walikwenda kuwinda kaskazini ya jiji, mwendo wa saa mbili kwa gari, na upinde mmoja waliokuwa wakipokezana. Télesphore alirudishwa ndani ya mfuko wa polisi. Eustache hakukimbia wala hakukana. Aliwaambia polisi kwamba alikuwa juu ya genge, ukingo wa mwamba mrefu, akamwona kulungu chini kwa umbali wa mita arobaini, akavuta upinde, lakini akasahau kuhesabu mteremko. Mshale ukapita juu ya mgongo wa kulungu ukamkuta Télesphore aliyekuwa amekaa kwenye vichaka nyuma yake.

Jumatatu saa tatu asubuhi angesimama mbele ya jaji na kukiri kuua kwa uzembe. Mwenyewe aliamini atatozwa faini, halafu wazee wa kanisa watakaa na mjane na mambo yataisha. Wakili wake, Arzina, alikuwa amemwambia Winfred jambo tofauti kabisa: hapa ni jela, na mtu ambaye hajapata uraia akifungwa zaidi ya miezi sita anaweza kupokonywa makazi na kupandishwa ndege. Eustache alipoambiwa hayo alitikisa kichwa tu na kusema atakiri. Goretti ndiye aliyemtafuta Winfred, mpelelezi wa kujitegemea mwenye leseni yake na mdomo wake, athibitishe kwamba kweli ilikuwa bahati mbaya, jaji apate cha kuhurumia. Leo ilikuwa Ijumaa.

Winfred alipanda ngazi za maegesho ya ghorofa hadi kwenye ukingo wa juu, akafunga kamba kwenye chuma, akairusha chini. Kutoka ukingo hadi lami ni mita tisa. Kutoka ukutani hadi meza nako alikuwa amepima mita tisa. Ripoti ya polisi ilisema genge lina urefu wa mita ishirini na nane, na Télesphore alikuwa mita ishirini na nane kutoka chini yake. Kimo sawa na umbali, kule na hapa. Kamba ingeshuka kwa mwinamo uleule wa mshale.

Aliteremka akahema kidogo, akaivuta kamba ikanyooka, akaipitisha juu ya pakiti ya unga, kiganja kimoja juu yake.

"Huu ndio mshale," alisema. "Umemkosa kulungu, umepita juu ya mgongo. Sasa tuone unaenda wapi."

Kamba ilikwenda kugusa lami. Kati ya meza na mahali ilipogusa palikuwa na hatua moja ya mtu mzima na kidogo. Goretti alikuwa amekaa hatua nne nyuma, mikono kifuani, kamba iko mbali naye kabisa.

"Sogea mbele mpaka ikuguse kifuani."

Goretti alisogeza kigoda. Akasogeza tena. Akasogeza mpaka magoti yake yakagonga miguu ya meza na pakiti ya unga ikatikisika mbele ya pua yake. Hapo ndipo kamba ilipomgusa chini ya shingo, mahali daktari wa maiti alipoandika kuwa mshale uliingilia.

"Bon, sawa," alisema Goretti. "Imefika. Umeona basi? Ni kweli vile alisema."

"Mama Mélissa, hebu tazama ulipokaa."

Goretti alitazama. Ungeweza kumkumbatia huyo kulungu bila kunyanyuka.

"Kwenye uwanja tambarare mshale ukipita juu ya mnyama unaenda mbele hatua hamsini, sitini, unaweza kumkuta mtu yeyote," Winfred alisema. "Lakini ukipiga kutoka juu namna hii, ukimkosa kwa juu unaingia ardhini palepale nyuma yake. Ili umpate Télesphore, kulungu angekuwa amesimama mapajani mwake. Umewahi kuona kulungu anayekwenda kumkalia mtu aliyeamka na kupuliza sigara tangu alfajiri?"

"Sema unachotaka kusema."

"Hakukuwa na kulungu."

Goretti aliinuka, kigoda kikaanguka. Aliikunja kanga yake kiunoni kwa nguvu kama mtu anayejiandaa kupigana, na Winfred alirudi nyuma nusu hatua kwa sababu hakuwa na hakika.

"Nilikuita umtoe mume wangu," Goretti alisema. "Sasa umenitolea muuaji. Hivyo ndivyo unafanya kazi?"

"Nimepima tu."

"Peleka vipimo vyako mbali na watoto wangu. Na usiende kwake. Nitampigia simu, nitamwambia asifungue mdomo mbele yako."

Alibeba meza yake na unga wake akaingia ndani. Basi, kuna watu wanaoomba ukweli, lakini wanautaka ukiwa wa kiasi chao, kama kiatu. Winfred hakumlaumu. Alikunja kamba, akakaa ndani ya gari lake, na kwa kweli alikuwa na hofu, maana ushahidi aliokuwa nao ungempeleka Eustache mahali pabaya kuliko faini, pabaya kuliko uzembe. Kitu kimoja tu kilimzuia kumpigia wakili Arzina palepale. Mtu aliyekuwepo juu ya genge asingejitungia uongo unaofaa uwanja tambarare tu. Angekuwa ameona kwa macho jinsi mshale unavyozama. Aliyetunga hadithi ile ya kulungu ama hakuwa juu, ama alikuwa anamtungia mtu ambaye hakuwa juu.

Alipofika Malton ilikuwa saa sita na nusu. Festus alikuwa kwenye ngazi za chuma za nje, ubavuni mwa ghala, kule juu kabisa wavutaji sigara wanapojibanza. Ndege zilikuwa zinashuka kwenda uwanja wa Pearson moja baada ya nyingine, ikabidi mtu asubiri ipite ndipo aongee. Festus alikuwa msimamizi wa zamu, Mkenya kama yeye, mtu wa miaka hamsini hivi mwenye koti safi kuliko koti zote pale.

"Wewe tena," alisema. "Nilikwambia kwa simu sina cha kuongeza. Nilikuwa kwa gari nachemsha chai. Eustache alikuwa juu, marehemu alikuwa chini. Nilisikia kelele nikakimbia. Kwisha."

"Sijakuja kwa hayo, mzee. Nataka unisaidie hesabu. Mke wa Eustache ananisumbua."

"Huyo mama asumbue Mungu."

"Ni kweli. Lakini mimi sijui kuwinda, na wewe wanasema ndiye mwalimu wao." Winfred aliegemea chuma akaelekeza kidole chini, kwenye pipa jekundu la taka karibu na uzio. "Tuseme lile pipa ni kulungu. Kutoka hapa ni kama mita kumi na sita, ama?"

Festus alitupa jicho moja. "Kumi na sita."

"Kwa hivyo kwenye upinde nalenga kwa alama ya rangi ya kumi na sita."

"Ukifanya hivyo utapiga uzio." Alitabasamu kwa dharau, na dharau ilimfanyia kazi Winfred vizuri kuliko urafiki. "Mnajifanya wapelelezi na hamjui kitu kidogo. Jicho linapima huu mstari wa kushuka. Mshale hauangushwi na huo mstari. Unaangushwa na umbali wa ardhini, kutoka chini ya ukuta mpaka kwa pipa. Hiyo ni kama kumi na mbili. Ukiwa juu unapunguza. Genge likiwa kali sana, unapunguza sana."

"Na usipopunguza?"

"Unapita juu. Kila saa. Ndiyo maana Eustache alikosa."

"Kumbe." Winfred aliandika polepole, aonekane mwanafunzi. "Na kule gengeni? Arobaini ya jicho?"

"Ishirini na nane," alijibu Festus bila kufikiri. "Unashika alama ya njano, ile ya thelathini, unashusha kidogo tu. Sio ile nyekundu ya arobaini."

"Ulimfundisha Eustache hayo?"

"Mara ngapi! Huyo alizoea kulenga maboksi kwenye korido ya ghala Jumapili, sakafu imenyooka hivi. Hesabu ya mlima haimwingii. Marehemu pia ilikuwa haimwingii, walikuwa wanabishana na mimi kama watoto. Andika hivyo. Hakujua. Mtu akikosa kwa kutojua si mwuaji, ni mjinga."

"Kwa hivyo kati yenu watatu, aliyejua kupunguza ni wewe peke yako."

Ndege ilipita. Festus alisubiri ipite, na ilipopita hakuwa tena na tabasamu.

"Nani amekutuma hapa?" alisema.

"Mke wa Eustache. Nimeshakwambia."

"Sikiliza, wewe mama. Eustache na bibi yake walipofika nchi hii walilala kwa nyumba yangu, chini, miezi saba. Mimi ndiye nilimpeleka huyo Goretti hospitali uchungu ulipomshika. Mimi ndiye nilimtafutia Eustache kazi. Uliza yeyote."

"Nimeuliza. Na nimeuliza pia juu ya Laiba."

Laiba alikuwa mfungaji mizigo ambaye mkono wake ulipondwa na gari la kunyanyulia mizigo, mwezi wa nane. Karatasi ilikuwa na sahihi ya Festus kwamba breki zilikaguliwa asubuhi ile. Télesphore alikuwa ameona kwamba hazikukaguliwa, na wiki hii inayokuja angesimama mbele ya wakaguzi wa kazi na kusema. Wafanyakazi wawili walimwambia Winfred jambo hilo kwa sharti asiwataje.

Festus alizima sigara kwenye chuma. Aliteremka ngazi tatu, akasimama karibu naye kiasi kwamba Winfred alisikia harufu ya sabuni ya koti lake.

"Eustache amekiri," alisema kwa sauti ya chini. "Amekiri mwenyewe kwa mdomo wake. Ukirudi hapa nitawaita walinzi, na nitamwambia kila mtu kanisani kwamba unawauza watu wetu kwa wazungu. Utaona kama utapata kazi tena."

"Njia ya mwongo ni fupi, mzee. Yako ina mita ishirini na nane."

Winfred aliteremka bila kugeuka.

Saa tisa na nusu alikuwa amefika mahabusu, amekaa mbele ya kioo cha wageni, na barua ya wakili Arzina ilikuwa imeshapitishwa. Eustache aliletwa. Alikuwa mrefu, ndevu hazijanyolewa, na alichukua mkono wa simu kama mtu anayeshika kitu kichafu.

"Goretti amesema nisiongee na wewe," alisema. "Amesema umemkalisha kwenye kiti cha marehemu."

"Ni kweli. Nina swali moja tu. Ukinijibu naondoka."

"Uliza basi, uende."

"Uko juu ya genge. Mnyama yuko chini. Kwa jicho ni mita arobaini. Unalenga kwa alama gani?"

"Nyekundu."

"Hupunguzi kitu?"

"Nipunguze nini? Arobaini ni arobaini. Nyekundu ni ya arobaini."

"Lakini uliwaambia polisi ulisahau kuhesabu mteremko."

Eustache alihamisha simu kwenye sikio jingine.

"Nilisema hivyo," alisema.

"Mteremko unaufanya nini mshale?"

"Unau... unauvuta."

"Kwenda wapi?"

"Chini. Si unatoka juu? Unaenda chini zaidi."

"Baba Mélissa, uliandika sahihi kwamba ulipita juu."

Macho ya Eustache yalikwenda kwa askari mlangoni yakarudi. Hasira yake ilipanda ghafla, akaipiga fremu ya kioo kwa ngumi, askari akasogea hatua moja.

"Wewe unataka nini na mimi?" alisema. "Ilikuwa bahati mbaya. Nimekubali. Nitalipa faini, wazee watakaa na Yvette, mke wa marehemu, watazungumza, itaisha. Kwetu mambo ya bahati mbaya yanaishia kikaoni. Kwa nini unachokora?"

"Bahati mbaya ya nani?"

"Yake. Yangu. Yangu."

Winfred hakumrukia. Alifungua daftari, akachora genge, mtu amekaa chini, na mstari wa kushuka, akaibandika karatasi kwenye kioo.

"Sikiliza, halafu unitukane. Ukilenga kifua cha mtu aliyekaa hapa kutoka hapa juu, ukatumia nyekundu, mshale unapita karibu nusu mita juu ya ulipolenga. Unapita juu ya kofia yake. Hiyo ndiyo hesabu usiyoijua, na mimi pia sikuijua hadi leo mchana. Télesphore alipigwa kifuani, katikati. Aliyepiga alishika ya njano. Alijua kupunguza. Na kulungu hakuwepo, nimepima, hangeweza kuwepo. Aliyekuwa juu alimlenga Télesphore."

Eustache alitazama karatasi. Midomo ilikuwa inacheza, anahesabu.

"Ni Festus aliyekwambia juu ya kulungu," Winfred alisema.

"Alikuja anakimbia," Eustache alisema taratibu. "Mimi nilikuwa kwenye gari na chai. Alipiga magoti kwenye majani, dada. Alilia. Alisema amemwona kulungu, amemkosa, amemwua ndugu yetu. Alisema yeye alishakamatwa mara moja kuwinda nje ya msimu, mara ya pili ni jela miaka, lakini mimi ni mara ya kwanza, ni faini. Aliniambia maneno ya kusema. Aliyarudia mara tatu mpaka nikayashika."

"Na wewe ukakubali."

"Tulilala kwake miezi saba. Mélissa alizaliwa nikiwa kazini, yeye ndiye alikuwa pale." Alijifuta uso kwa mkono wa shati. "Nilimshika bega. Nilimwambia, usilie, yaya, kaka mkubwa, mimi nitabeba."

Winfred alingoja. Mtu anayelia kwenye simu ya mahabusu unamsikia kwa sikio moja tu, na ndiyo inaumiza zaidi.

"Ningekuwa mimi," Eustache alisema. "Hata ningekuwa shetani, nimemlenga yeye kabisa, kwa kutaka. Na nyekundu yangu."

"Ungemkosa."

"Angekuwa hai."

"Angekuwa hai."

Alikaa hivyo, simu sikioni. Askari alitazama saa ya ukutani. Winfred alimwambia kwamba wakili Arzina yuko njiani, kwamba kukiri kwa Jumatatu kunaweza kusimamishwa leo hii, kwamba Goretti atajua kabla ya jioni na itabidi amtukane mtu mwingine sasa. Eustache alitikisa kichwa kwa kila jambo kana kwamba anaambiwa habari za mtaa wa pili.

"Nilimpigia Yvette kutoka humu ndani," alisema mwishowe. "Siku ya tatu. Nilimwambia, ni mimi nimemwua mume wako, unisamehe. Alinyamaza sana. Nikasikia watoto nyuma. Halafu akasema, Eustache, kwa jina la Mungu nimekusamehe. Alilia, akasema tena, nimekusamehe, lala usingizi." Aliinua macho. "Huo msamaha, dada. Sasa nitamrudishia namna gani?"

Winfred aligeuza ukurasa mpya kwenye daftari, akaandika tarehe juu yake, akamwomba aanze na saa waliyotoka Malton.